Nyota za ndani ya telefone: biashara ndogo ianzie wapi?



Zamani ndani ya kambi ya wafanyakazi hakuna aliyeuliza mukate muzuri unapatikana wapi. Kila mutu alijua: kwa mama wa nyumba ya tatu, kisha bomba ya maji. Na kama siku moja mukate wake ulikuwa na muchanga, habari ilifika mwisho wa kambi mbele jua halijashuka. Redio trotwari haikuomba umeme wala mega.

Leo mambo yamegeuka. Sheria ya mine ya mwaka 2002 ilifungulia kampuni mingi mulango. Katika 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini ndani ya mupango wa «départs volontaires» uliosaidiwa na Banki ya Dunia, na jamaa mingi wakatia ile feza ndani ya biashara ndogo: kinu cha kusaga mahindi, butiki, vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Katika 2015 Katanga ikagawanywa mara ine, na Kolwezi ikawa muji mukubwa wa jimbo la Lualaba. Sasa mbele ya mulango wako anapita mutu wa Likasi, wa Mbuji-Mayi, wa Zambia, wa Afrika ya Kusini, wa China. Amekuja kwa kazi ya majuma tatu. Hamujui mama wa nyumba ya tatu, na hana wakati wa kuuliza. Anatosha telefone mufukoni, anaandika «restaurant», na anaangalia nyota.

Wewe mama mwenye restora ndogo karibu na lango la kampuni, wewe papa mwenye vyumba sita vya wageni, wewe kijana mwenye garaje kwenye barabara kubwa, swali lenu ni moja. Pahali ambapo wakliyanti wanaandika maoni yao ni pengi: Google, Facebook, Tripadvisor, Booking.com, Trustpilot, Yelp, na zingine tena. Je, nijiandikishe pote? Hapana. Na tuone sababu pamoja, juu feza na wakati vinavyopotea hapa vinatoka ndani ya sahani ya watoto.

Kuko vijana wanaopita ku butiki na kusema: «Mama, lete dolari makumi tano, nitakuweka pa intaneti yote.» Pengine si mwizi. Ile kazi anaifanya kweli: anafungua kurasa tano, anatia picha moja ya mulango wako, anaenda zake. Kisha miezi sita, ukurasa mumoja unasema unafungua saa mbili, mwingine saa ine. Namba ya telefone ni ile uliyopoteza. Na pa ukurasa mwingine kuko kliyanti aliyelalamika tangu mwezi wa tatu, hakuna aliyemujibu. Mugeni akiona vile anafikiri umekwisha kufunga. Kurasa tano zilizokufa ni mubaya kupita kukosa kabisa.

Basi mbele ya kutoa hata franka moja, jiulize hivi: mutu asiyenijua, saa anapoamua kuja kwangu, yuko wapi, na anaangalia nini?

Sisemi kliyanti wako wa kila siku. Yeye hasomi maoni ya mutu, anajua njia. Tunasema mugeni. Mutu wa kula anaamua saa sita ya muchana, njaa imemushika, yuko kilometa moja ao mbili tu na mulango wako. Mutu wa kulala anaamua juma moja mbele, angali Lubumbashi ao Johannesburg. Mwenye lori lililoharibika kati ya Kasumbalesa na Lubumbashi haangalii nyota ya mutu. Anaita madereva wenzake ndani ya WhatsApp. Na bibi-arusi anayetafuta mushonaji anauliza dada zake na marafiki wake, kisha anataka kuona picha za nguo. Ni watu wane, na kila mumoja anaamua pahali pake. Ni upuuzi kuwatafuta wote pahali pamoja, na ni upuuzi kupita kuwatafuta pote.

Kama haujui wako wanatoka wapi, twaa daftari ya mwanafunzi. Mwezi muzima, kila uso mupya unaoingia, muulize kwa heshima: «Papa, ulitujua namna gani?» Chora mustari: rafiki, kibao cha barabarani, Google, Facebook, manseba aliyemuleta. Mwisho wa mwezi hesabu mistari. Ile daftari ni ya bei kidogo kupita kijana wa kurasa tano, na inasema kweli kumupita.

Sasa tuingie ndani.

Kwa biashara karibu zote zenye mulango na zenye kungojea wageni, ya kwanza ni Google, ni kusema ile karte ya Google Maps. Sababu si kwamba Google ni watu wazuri. Sababu ni kwamba telefone nyingi za kwetu ni Android, na Google Maps mara mingi iko ndani yake tangu siku ya kuinunua. Mugeni hana kitu cha kutafuta wala cha kuandikisha. Tena kujiandikisha hapo ni bure. Ile huduma inaitwa leo Google Business Profile; mpaka 2021 iliitwa Google My Business, usishangae ukisikia majina mawili.

Google yenyewe inasema inapanga majina kwa mambo matatu: kama biashara inapatana na kile mutu anatafuta, kama iko karibu naye, na kama inajulikana. Katika lile la tatu, hesabu ya maoni na nyota zake zinaingia. Kwa hiyo restora yako inaweza kuwa karibu na lango kupita zingine zote na bado isionekane, juu kadiri Google inavyojua, ni butiki isiyo na jina.

Mbele ya kuandikisha, angalia kwanza kama haumo. Mara mingi mutu fulani alikwisha kukuweka: kliyanti, ao mutoto wa jirani aliyekuwa anacheza na karte. Ukijikuta pale, usifungue ukurasa wa pili. Omba ule wa kwanza uwe wako, Google iko na njia yake ya kuomba. Kurasa mbili za biashara moja zinagawanya maoni yako mara mbili, na mugeni hajui afwate ipi.

Kisha Google itataka uhakika kwamba biashara ni yako. Siku hizi mara mingi inaomba video: unaonyesha barabara na majirani, unaonyesha kibao chenye jina lako, unaingia ndani, unaonyesha kwamba ni wewe mwenye ufunguo ao mwenye sanduku la feza. Video iwe moja bila kukatwa. Fanya asubuhi wakati jua liko muzuri na rezo haijajaa watu. Kama hauna kibao, andikisha kimoja mbele ya kuanza. Ubao na rangi vinatosha, lakini jina la pa ubao liwe lile lile la ndani ya telefone.

Na adresi? Najua utaniuliza. Kwetu avenue nyingi hazina namba, ao ziko na namba tatu zilizoandikwa na watu watatu. Google Maps inatambua tangu 2015 kitu kinaitwa Plus Code: herufi na namba chache, na alama ya kujumlisha (+) katikati. Unaweka kidole pa nyumba yako ndani ya karte, na ile kodi inaonekana. Andika kodi ile pa kibao, pa fakture, pa WhatsApp. Manseba mwenye telefone ataifwata mpaka mulangoni. Lakini angalia vizuri kwamba alama yako ya karte iko pa paa lako kweli, si pa kaburi wala ngambo ya reli. Nyota moja mingi zinatoka kwa watu waliozunguka muda murefu bila kuona nyumba.

Hapa kuko jambo moja, wapenzi, nataka musome mara mbili. Kama ni kijana anayekufungulia ukurasa, atauliza: «Tutumikishe adresi gani ya Gmail?» Na kama hauna, atasema: «Tutatumikisha yangu, hakuna tatizo.» Tatizo liko! Mutu mwenye ile adresi ndiye mwenye ukurasa mbele ya Google. Siku mutagombana juu ya deni, ao siku atapata kazi Kinshasa na kubadilisha namba, jina lako na maoni mia ya wakliyanti vitabaki mukononi mwake. Anaweza kubadilisha namba yako ya telefone na kutia ya mushindani wako, na wageni watamuita yule. Fungua kwanza Gmail ya nyumba, neno la siri libaki kwako na kwa muke ao mume wako, liandikwe ndani ya daftari. Kisha kijana mutie kama musimamizi tu. Google inatofautisha mwenye ukurasa na musimamizi, na musimamizi unaweza kumutosha siku unapotaka. Kama alikwisha kufanya kwa Gmail yake, muombe leo, wakati mungali marafiki, akupatie umwenye.

Baada ya Google, ya pili inategemea kazi yako. Na ya tatu, kwa wengi, haiko.

Kama uko na nyumba ya wageni, ya pili inaweza kuwa Booking.com, kampuni iliyoanza Uholanzi mwaka 1996. Uzuri wake: hakuna anayeweza kuandika maoni kama hakushika chumba kupitia kwao. Shemeji yako hawezi kukusifu, na adui yako hawezi kukutukana bure. Nota inafika mpaka 10. Lakini Booking si bure: kwa kila chumba kinachopita kwao wanachukua komisio, mara mingi karibu na 15 kwa 100. Hesabu kwanza. Chumba cha dolari 40, dolari 6 zinaenda. Kama vyumba vyako sita vimejaa kila mwezi na watu wa kampuni ya sutretanse iliyofanya mapatano na wewe, Booking ya nini? Utalipa komisio juu ya vyumba visivyo wazi. Lakini kama siku za mwisho wa juma vyumba vitatu vinalala bila mutu, basi dolari 34 ni muzuri kupita sifuri. Tena chunga kalendari yao kila siku: mutu akishika chumba kule na wewe umekwisha kukipangisha kwa mutu wa barabarani, ataandika, na ile nota itakaa.

Tripadvisor iko tangu 2000. Ni ya watu wanaotembea kwa furaha, wenye kutafuta pahali pa kuona simba na bahari. Hoteli kubwa ya Lubumbashi inaweza kuiangalia. Wewe wa Kolwezi, wa Likasi, wa Fungurume, tafuta tu kama jina lako limo. Kama limo, rekebisha namba ya telefone na ujibu waliokuandikia, uendelee na kazi yako.

Yelp, iliyozaliwa San Francisco mwaka 2004, ni ya Marekani kwanza. Kongo haiko katika inchi zake. Trustpilot, ya Danemark tangu 2007, inafaa zaidi wanaouza kwa intaneti na kutuma kwa posta. Kijana wa kurasa tano akikutajia hizo, jua kwamba anahesabu kurasa, hahesabu wakliyanti.

Facebook tuipatie nafasi yake. Kwa mushonaji, kwa mwenye salo ya nywele, kwa mama anayepika keki za ndoa, mimi ningeiweka mbele ya Google. Wakliyanti wao ni watu wa muji wanaojuana, na ndani ya vikundi vya Facebook wanaulizana kila siku nani anafanya kazi muzuri. Tangu 2018 Facebook haiombi tena nyota. Inauliza kama mutu anapendekeza ile biashara, ndiyo ao hapana, na anaandika sababu. Picha kumi za nguo ulizoshona wewe mwenyewe zinasema mingi kupita nyota. Lakini ziwe zako. Picha ya gauni iliyoibiwa ndani ya ukurasa wa Lagos itajulikana siku mama wa bibi-arusi atakuja kuchukua nguo na kuona mushono mwingine.

WhatsApp haina nyota wala maoni, kwa hiyo haiingii katika hesabu yetu, lakini bila yake hautafika. Ni pale unapoongea na kliyanti kisha kazi kwisha, na ni pale unamutumia njia ya kuandika maoni pa Google. Toleo la WhatsApp Business, lililotoka 2018, ni bure na linakuachia kuweka saa za kazi na orodha ya vitu vyako. Kwa Wachina wengi, mazungumuzo yao yanapita ndani ya WeChat, na pale kibao chako hakitaingia. Mukalimani ao fundi mumoja aliyekula kwako na kufurahi ataingia badala yako.

Sasa, maoni yanapatikana namna gani? Kwa kuyaomba. Watu wetu wanafikiri ni haya kuomba sifa. Lakini hauombi sifa, unaomba kweli. Wakati kliyanti anasema kwa kinywa «mama, leo muchele ulikuwa muzuri», ni saa yake. Mujibu: «Aksanti, papa. Ukipata nafasi, uliandike pa Google, linatusaidia.» Ukurasa wako wa Google unakupatia anwani fupi ya kutuma, na pia picha ya mistari-mistari ya kupiga na telefone, ichapishe pa karatasi, uifungie nailoni, uibandike karibu na pahali pa kulipia. Kumbuka tu kwamba wengi wananunua forfe ya WhatsApp na Facebook peke, na Google haifunguki ndani yake. Usimuharakishe; atafanya usiku akipata Wi-Fi ya kambi ya kampuni.

Omba wote, si wenye kucheka tu. Google inakataza kuchagua wenye furaha na kuwazuia wengine. Inakataza tena kulipa maoni: soda ya bure kwa nyota tano ni malipo. Wewe mwenyewe, wafanyakazi wako, hauna ruhusa kujiandikia. Na wale wanaouza maoni makumi tano kwa bei fulani, wakatae. Maoni kumi yanayoingia siku moja, ya watu ambao hawajaandika kitu kingine maishani mwao, Google inaweza kuyafuta, na inaweza kukufungia maoni mapya kwa muda. Huko Marekani ofisi ya serikali ya mambo ya biashara ilitoa sheria ya kukataza kununua na kuuza maoni ya uongo, yenye nguvu tangu tarehe 21 mwezi wa 10, 2024. Hawakuitoa kwa muchezo. Mwaka 2017 mwandishi mumoja wa London, Oobah Butler, aliandikisha pa Tripadvisor restora isiyokuwako. Ilikuwa tu kibanda ndani ya bustani kwake. Marafiki wakaandika sifa, na katika mwezi wa 11 ile restora ya hewa ikawa ya kwanza ya muji muzima wa London. Watu walipiga telefone kushika meza!

Utasema: kumbe, inawezekana. Ndiyo, kwa mutu asiyepika. Wewe unapika, na ule aliyesoma sifa za uongo atakuja na njaa ya kweli, atakula, na kisha ataandika.

Je, zile nyota zinaleta feza? Mwalimu wa Harvard, Michael Luca, aliangalia restora za Seattle katika Marekani, na katika 2011 alionyesha kwamba nyota moja zaidi pa Yelp ilipandisha mapato ya restora kati ya 5 na 9 kwa 100. Na hapa ndipo mimi napenda ile kazi yake: faida ilikuwa kwa restora zinazojitegemea. Zile za majina makubwa zenye matawi pote hazikupata kitu, juu watu walikwisha kuzijua. Anayesaidiwa na maoni ni mudogo asiyejulikana. Seattle si Kolwezi, lakini mugeni asiyejua mulango ni mumoja pote. Watu wa chuo kikuu cha Northwestern nao waliona katika 2017 kwamba wanunuzi wanaamini zaidi nota ya kati ya 4,0 na 4,7 kupita 5 kamili. Kwa hiyo usilie juu ya nyota tatu moja katikati ya wengine. Tano tupu zinanusa uongo.

Lakini nyota moja itakuja. Tuseme umekuta hivi: «Chakula muzuri lakini tulingoja saa nzima, na muke mwenye kuleta sahani anakasirika.» Moyo unapanda. Unajua ni nani. Unajua siku ile umeme ulikatika, grupu ilikosa mazutu, na walikuja watu kumi na wane bila kutangaza. Usiandike usiku ule. Kesho yake andika mistari mitatu: «Aksanti, papa, kwa kutueleza. Siku ile umeme ulikatika na tulichelewa, tunaomba musamaha. Sasa tuko na makaa ya akiba. Ukija tena uite mbele pa namba hii.» Basi. Ule mwenye kulalamika pengine hatarudi. Ile jibu si yake peke. Ni ya mugeni wa kesho anayesoma na kujiuliza kama hapa watu wanaongea vizuri na mutu.

Mwenye nyumba ya wageni achunge zaidi. Mutu akikuandikia mubaya, usijibu kamwe kwa kusema alikuja siku gani, alilala chumba gani, na alikuwa na nani. Nyumba ya mutu mwingine inaweza kuvunjika kwa mistari miwili, na baada ya pale hakuna hata mugeni mumoja atakayekuamini na jina lake.

Kama ni uongo mutupu, tukano, ao maoni ya mutu aliyekosea biashara, kuko pahali pa kumushitaki kwa Google. Itaangalia kama maoni yanavunja sheria zake. Lakini haitaamua kati yako na kliyanti nani anasema kweli juu ya chumvi ndani ya mboga. Kwa hiyo usingoje hukumu yake. Maoni mazuri mapya yanasukuma yale ya zamani chini.

Na wakati? Nusu saa kwa juma inatosha kwa ukurasa mumoja ao mbili, ndiyo maana nakataa tano. Jumamosi magaribi, mutoto mukubwa anasoma maoni kwa sauti, papa na mama wanasema jibu, mutoto anaandika. Angalieni saa za kufungua, zaidi siku za sikukuu. Tieni picha moja mupya kwa mwezi. Kila mwaka daftari ya mistari irudi kazini mwezi muzima, juu wageni wanabadilika: kampuni inafunga, ingine inafungua, na wanaotafuta pa Google leo wanaweza kutafuta pengine kesho.

Kwa kuanza, juma hili fanya jaribio moja lisilolipisha. Omba telefone ya jirani, si yako, juu yako inakujua. Simama mita mia tano na biashara yako, andika pa Google Maps ile kazi unayofanya kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza juu ya Wazambia na watu wa Afrika ya Kusini: «garage», «coiffure», «restaurant», «tailor». Hesabu umetokea wa ngapi, ao haukutokea. Piga namba inayoonekana pale, usikie nani anaitika.

Mwezi ujao tutaongea juu ya daftari ya madeni: kliyanti anayesema «nitalipa mwisho wa mwezi», na wewe mwenye kununua unga kila asubuhi.